GPS ya chombo inapogoma au inapodanganya: dalili, sababu na marekebisho kwa mabaharia wa Mtwara na Lindi

Malalamiko kuhusu vifaa vya kuongozea chombo ni yaleyale kuanzia Msimbati hadi Kilwa Kivinje: skrini imekufa, ramani inaonyesha chombo kiko katikati ya mikorosho, kipima kina kinarukaruka, alamu haikomi. Mara nyingi kifaa chenyewe hakina ubovu. Kinachokosekana ni umeme safi, au kuna mpangilio uliobadilishwa na mtu aliyeshika zamu kabla yako bila kusema. Kwa hiyo fuata mlolongo mmoja kila siku: umeme, kisha mipangilio, kisha antena na nyaya. Kifaa chenyewe kishuku mwisho.

Chomboni kuwe na testa ya umeme, fyuzi za akiba za ukubwa ulioandikwa kwenye kitabu cha kifaa, mswaki wa zamani, kitambaa laini na chupa ya maji yasiyo na chumvi. Usirekebishe chochote wakati chombo kinapita mlango wa bandari ya Mtwara au kinapenya mafungu ya Songosongo. Tia nanga kwanza. Kama huwezi kutia nanga, mwenzako ashike usukani kwa dira na macho, nawe uache kifaa kama kilivyo.

Skrini haiwaki, au inazima stata ikipigwa

Kabla hujashika waya wowote, jifunike kanga pamoja na skrini uchungulie. Ukiona mwanga hafifu, kifaa ni kizima: mtu wa usiku alishusha mwanga hadi mwisho na jua la asubuhi limeumeza. Kwenye vifaa vingi, kubonyeza kitufe cha kuwashia mara moja bila kukishikilia huleta mahali pa kupandishia mwanga. Miwani ya jua ya aina ya polaroidi nayo huweza kuifanya skrini iwe nyeusi tititi. Ivue kabla hujamtafuta fundi.

Kama ni giza kweli, anza na betri. Izime injini, iache betri itulie saa moja, kisha pima kwenye vichwa vyake. Betri ya asidi iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.7, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 11.8 imekwisha. Washa injini upime tena. Chaji nzuri ni volti 13.8 hadi 14.4. Ikibaki kwenye 12 na kitu, ugonjwa uko kwenye chaji, na kununua GPS mpya hakutausaidia.

Betri ikiwa nzima, fuata waya kiungo kwa kiungo. Nyaya zilizosokotwa kwa vidole na kufungwa nailoni ndizo chanzo kikubwa cha pili. Chumvi hupenya, shaba huwa ya kijani, umeme hupita kidogo kidogo. Kata sentimita 2 au 3 hadi ufikie shaba inayong'aa, unga upya kwa kiungio cha kubana, funika kwa mpira unaosinyaa kwa moto, paka grisi. Kisha pima volti kwenye betri na kwenye plagi ya kifaa kikiwa kimewashwa. Tofauti ikizidi nusu volti, waya ni mwembamba mno au kuna kiungo kingine kibovu hujakiona.

Fyuzi ije baada ya hapo. Ikiungua mara moja, badilisha. Ikiungua mara ya pili, acha. Kuna waya uliochubuka mahali au maji yameingia ndani ya kifaa, na kuziba nafasi ya fyuzi kwa karatasi ya sigara ni kuandaa moto kwenye chombo cha mbao. Hapo ni kazi ya fundi umeme. Vilevile usicheze na nyaya zinazotoa cheche karibu na madumu ya petroli. Ondoa madumu kwanza, acha upepo upite.

Kifaa kinachozima sekunde ile ile stata inapopigwa kina historia nyingine. Stata huvuta umeme mwingi, volti huporomoka chini ya 10, na kifaa hujizima. Dawa ya haraka ni kuwasha injini kwanza, GPS baadaye. Dawa ya kudumu ni betri ndogo ya peke yake kwa vifaa. Fanya hesabu kabla ya kununua: skrini ya inchi 7 hula kama ampea 1, kwa hiyo safari ya saa 12 inakula ampea-saa 12, na betri ya asidi haipendi kushushwa chini ya nusu. Unahitaji basi ya ampea-saa 24 au zaidi. Betri ya bodaboda ya ampea-saa 7 itakufikisha saa tatu na nusu hivi, kisha itaanza kuchoka.

Onyo kwa wanaotumia sola: paneli ya "volti 12" ikiwa juani bila mzigo hutoa volti 18 hadi 22. Vifaa vingine huvumilia hadi 32, vingine mwisho wake ni 16 au 18. Soma kibandiko nyuma ya kifaa, na usiunge paneli moja kwa moja bila kidhibiti chaji hata kama "jana ilikubali".

Kinawaka lakini hakipati setilaiti

Kama chombo kilikaa nchi kavu miezi, au kifaa kimeletwa kutoka mbali, kipe muda. Taarifa kamili za setilaiti huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa. Weka chombo mahali pa wazi, usizime na kuwasha kila dakika, kwa maana kila ukizima unaanza upya.

Muda ukipita, tazama juu ya antena. Turubai lililolowa, bati la kibanda, dumu, au samaki waliotundikwa kukauka: chochote chenye chuma au maji kinakula mawimbi. Halafu zima vifaa vingine kimoja kimoja, kuanzia chaja za USB za bei rahisi na taa za LED, huku ukitazama ukurasa wa setilaiti. Kifaa kikipata nguvu baada ya kuzima kimojawapo, umempata mchawi. Msogeze mita moja au zaidi kutoka kwenye antena na waya wake. Mwisho kagua kiungo cha waya wa antena. Ukiona maji ndani, usikikaushe tu na kukirudisha. Shaba ya ndani itakuwa imeshaoza, na waya wote ubadilishwe.

Ukurasa huo pia huonyesha namba iitwayo HDOP. Ikiwa chini ya 2, mahali unapoonyeshwa pana uhakika mzuri. Ikizidi 5, usipite mlango mwembamba kwa kutegemea skrini.

Chombo kiko nchi kavu, au pointi uliyopewa imekupeleka kwingine

Skrini ikionyesha chombo kinakwenda noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa, nawe umefunga gatini, kifaa kiko kwenye hali ya maonyesho ya dukani. Zima hali hiyo kwenye mipangilio. Lionekane dogo, lakini kuna watu hurudisha kifaa dukani kwa hilo.

Linalosumbua zaidi ni namna ya kuandika pointi. Kuna mitindo mitatu, na pointi zinazorushwa WhatsApp huja kwa mtindo wowote:

- digrii zenye desimali: -10.2530
- digrii na dakika zenye desimali: 10°15.180′ S
- digrii, dakika na sekunde: 10°15′10.8″ S

Zote tatu ni mahali pamoja, jirani na Mtwara mjini. Sasa mtu anapokea 10.2530 na kuiandika 10°25.30′. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, mita 1,852. Amekosea dakika 10.12, kwa hiyo amejitupa zaidi ya maili 10 kusini, kuelekea usawa wa mdomo wa Ruvuma. Akisahau S na kuacha N, yuko Ethiopia. Kosa hilo angalau linachekesha na linaonekana upesi. La dakika na sekunde ndilo baya, kwa sababu 15.50′ na 15′50″ hutofautiana kwa theluthi moja ya maili, umbali ambao macho hayaukatai kwenye skrini lakini mwamba unaujua.

Njia salama: kabla ya kuingiza pointi, muulize aliyekutumia ni mtindo gani. Badilisha mtindo wa kifaa ulingane na wa pointi, ingiza, kisha urudishe mtindo wa kawaida wa chombo chenu. Kifaa kitafanya hesabu chenyewe. Halafu itazame pointi kwenye ramani: je, ipo panapoingia akilini?

Sababu inayofuata ni msingi wa ramani, yaani kipimo cha umbo la dunia ambacho latitudo na longitudo huhesabiwa juu yake. GPS hutumia msingi uitwao WGS84. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa msingi wa Arc 1960, na katika pwani yetu ya kusini misingi hii miwili hupishana kwa takriban mita 300. Ukisoma pointi kwenye ramani ya karatasi ya namna hiyo na kuiingiza kwenye GPS bila kubadili, mlango wa ghuba ya Sudi au Mikindani utakukosa kwa urefu wa viwanja vitatu vya mpira. Tafuta maandishi madogo pembezoni mwa ramani yanayotaja msingi wake. Kwenye kifaa, rudisha WGS84 kila ukimaliza. Mtu akiacha Arc 1960 usiku, wa asubuhi ataona chombo kimehama chenyewe.

Inabaki ramani yenyewe. Pengine GPS iko sahihi, mstari wa pwani ndio umekosewa, au fungu limehama. Midomo ya Ruvuma na Lukuledi huleta mchanga na matope, na mvua kubwa kama za Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 hufanya kazi ya miaka kwa siku chache. Hapo hakuna cha kurekebisha kwenye mipangilio. Uliza wavushaji wa Kitunda na wavuvi wa mahali, weka bildi (kamba yenye uzito ya kupimia kina) majini, pita maji yakiwa yanajaa ili ukikwama uinuliwe.

Mwamba upo baharini, kwenye skrini haupo

Kati ya dalili zote, hii ndiyo inayoua, na ndiyo isiyo na ubovu wowote wa kifaa. Ramani ya kidijitali huficha vitu kadiri unavyoitazama kwa mbali, ili skrini isijae takataka. Ukiangalia safari nzima ya Mtwara hadi Kilwa kwenye skrini ya inchi 7, fungu la upana wa mita 200 halina mahali pa kukaa. Linaondolewa kimyakimya.

Tarehe 29 Novemba 2014, usiku, mashua ya mashindano Team Vestas Wind ilipanda miamba ya Cargados Carajos, kaskazini-mashariki mwa Mauritius, katika Bahari hii hii ya Hindi. Ilikuwa na vifaa vya kisasa na mabaharia hodari. Miamba ilikuwemo kwenye ramani zao za kidijitali. Haikuonekana kwa ukubwa waliokuwa wakitazamia.

Ukaguzi wa kwanza ni wa kadi. Kifaa kisicho na kadi ya ramani, au chenye kadi iliyoshika kutu, huonyesha ramani ya msingi tu: pwani iliyonyooka kama rula na bahari ya rangi moja isiyo na namba za kina. Toa kadi kifaa kikiwa kimezimwa, isugue kwa kitambaa kikavu, irudishe. Kama bado, kadi imekufa au si ya eneo letu.

Cha pili ni kiwango cha undani. Kwenye mipangilio ya ramani kuna mahali pa kuchagua undani mdogo, wa kawaida au mwingi. Weka mwingi. Skrini itajaa, ndiyo, lakini bora ujifunze kusoma skrini iliyojaa.

Cha tatu ni tabia ya mtumiaji. Ukishachora njia, usiridhike na mstari. Rudi pointi ya kwanza, vuta ramani hadi upana wa skrini uwe maili 2 hivi, kisha utembee na mstari kwa kidole hadi mwisho, kipande kwa kipande. Palipo na mwamba ndani ya nusu maili ya mstari, sogeza mstari. Kazi hii kwa safari ya Mtwara–Lindi huchukua dakika chache, na hufanywa gatini.

Kuvuta kupita kiasi nako kuna udanganyifu wake. Baada ya kiwango fulani ramani hukua tu bila kuongeza habari, na nafasi tupu kati ya namba mbili za kina huonekana kama maji safi. Vifaa vingi huandika onyo dogo pembeni ukifika hapo. Nafasi tupu maana yake hakuna aliyepima, basi.

Saa ya kifaa na maji havilingani

Kifaa kinasema maji yatajaa saa fulani, ukifika bado fungu liko nje. Sababu ya kwanza, karibu kila mara: saa imeachwa kwenye saa ya dunia, UTC. Sisi tuko saa 3 mbele. Kifaa kikiandika 01:00 kwa UTC, maji yanajaa 04:00, yaani saa 10 alfajiri. Nahodha aliyesoma 01:00 kama saa 7 usiku anafika saa 3 kabla ya maji kujaa, na katika saa 3 za mwisho hupanda nusu nzima ya maji. Siku za bamvua, tofauti kati ya kujaa na kupwa ikiwa mita 3, fungu lina mita 1.5 pungufu ya alizotegemea. Weka +3 kwenye mipangilio ya saa, na mkubaliane chomboni: daftari liandikwe kwa saa za kifaa, kuanzia 00 hadi 23. Saa za Kiswahili za mdomoni zibaki mdomoni.

Sababu ya pili ni kituo cha maji. Kifaa kinaweza kuwa kimechagua bandari ya mbali. Chagua Mtwara, au kituo kilicho karibu zaidi, na uhakiki dhidi ya jedwali la bandari.

Ya tatu huwapata wenye vifaa vikongwe. GPS huhesabu wiki kwa namba inayorudi sifuri kila baada ya wiki 1,024, na mara ya mwisho ilirudi tarehe 6 Aprili 2019. Kifaa ambacho programu yake haikusasishwa huonyesha mwaka ulio nyuma kwa karibu miaka 20. Mahali kinaweza kupaonyesha sawa, lakini maji, mwezi na jua vyote ni vya tarehe isiyo ya leo. Tafuta sasisho kwa wakala wa kifaa. Kama halipo, kitumie kwa mahali tu, maji usome kwenye jedwali.

Kipima kina kinatoa namba za ajabu

Tazama kwanza kipimo: mita, futi au pima. Pima moja ni mita 1.83, futi moja ni sentimita 30. "5" ya pima na "5" ya futi ni maji mawili tofauti kabisa.

Pili, uliza namba inaanzia wapi. Kifaa kinaweza kuhesabu kutoka usawa wa maji, kutoka kwenye jicho la kipimo (kile kipande kinachorusha mlio na kupokea mwangwi), au kutoka chini ya mkuku, yaani uti wa chini wa chombo. Zamu moja ikidhani ni ya usawa wa maji na nyingine ikidhani ni ya mkuku, mtagombana siku mtakayogusa mchanga. Uhakiki ni rahisi: tia nanga maji yakiwa yametulia, shusha bildi ubavuni usawa wa jicho, pima kamba kwa mita kuanzia pale mlipochagua namba ianzie, rekebisha kifaa kilingane, kisha andika kwa rangi ya mafuta karibu na skrini: KINA NI CHINI YA MKUKU, au vyovyote mlivyochagua.

Namba ikiwa mara mbili ya kina halisi kwenye maji machache, mwangwi umepiga chini, ukarudi, ukapiga tena. Punguza nguvu ya upokeaji. Ikipotea ukiongeza mwendo, mapovu yanapita chini ya jicho. Lisogeze mbali na mkondo wa propela, na hakikisha limelala sambamba na maji. Ikipotea polepole kwa wiki kadhaa, magamba ya bahari yameganda juu yake. Yaondoe kwa mbao au plastiki. Kisu kinakwangua uso wa jicho, na jicho halina kope.

Chagua pia masafa: kilohezi 200 kwa maji ya karibu na pwani, 50 kwa kina kirefu. Na kama jicho limebandikwa ndani ya chombo, ujue mawimbi yake hupita fiberi, hayapiti mbao. Mashua ya mbao inahitaji jicho la kutobolewa au la kufungwa kwenye mti ubavuni. Tundu likianza kuvuja, usilizibe kwa silikoni mkiwa majini mkaondoka. Pandisha chombo, ita fundi.

Hata kikiwa kizima, kipima kina huona chini, hakioni mbele. Kwa noti 8 chombo kinakula mita 4 kila sekunde. Ukuta wa mwamba ulio mita 40 mbele ni sekunde 10.

Mshale unazunguka, au unaelekea pasipo omo

Chombo kikisimama, GPS ya kawaida haijui omo (mbele ya chombo) imeelekea wapi. Inajua tu umetoka wapi umefika wapi. Chini ya noti 1 mshale wake ni wa kubahatisha. Huo si ubovu.

Ukiwa mwendoni, COG ni njia unayopita juu ya ardhi na HDG ni omo ilipoelekea. Mkondo na upepo wa kusi vikisukuma ubavu, namba hizo mbili lazima zitofautiane, na tofauti hiyo ndiyo habari unayoihitaji kuvuka mlango. Wasiwasi uje pale zinapotofautiana maji yakiwa yametulia na upepo hakuna. Hapo tafuta sumaku: spika ya muziki, kishikio cha simu chenye sumaku, kopo la zana lililowekwa jirani na dira ya elektroniki. Ondoa, kisha ufanye usawazishaji wa dira kwa kuzunguka taratibu kama kitabu kinavyoelekeza.

Vifaa vilivyoungwa kwenye uti mmoja wa NMEA 2000 (waya mkuu unaounganisha vifaa vya chombo) vikipoteana ovyo, zima umeme na upime upinzani kati ya waya mweupe na wa buluu. Usome omu 60. Ukisoma 120, kizibo kimoja cha mwisho kimetoka. Ukisoma 40, kuna kilichozidi.

Alamu hailali

Alamu inayolia kila dakika tano hufundisha watu kuizima bila kusoma. Siku inaposema kweli, mkono umeshazoea. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza "tunaizimaje", uliza "nani aliweka namba hii na kwa nini".

Alamu ya nanga ndiyo inayonung'unikiwa zaidi, kwa sababu huwekwa mita 15 au 20 na mtu anayefikiri chombo hakisogei. Chukua mfano: kamba mita 30, kina mita 6. Ikinyooka, chombo kiko mita 29 kutoka kwenye nanga. Ongeza umbali kati ya omo na antena, tuseme mita 10, na mita 10 hadi 15 za kosa la GPS. Duara lako ni mita 50 hadi 55. Na liwekwe pale nanga inapogusa chini. Ukiliweka baada ya kunywa chai, kitovu cha duara ni chombo, na maji yakigeuka italia hata nanga ikiwa imeshika kama mizizi.

Alamu ya kina iwekwe kulingana na safari. Mita 10 inafaa ukiwa nje. Ukiingia Lindi italia njia nzima. Ishushe kabla ya kuingia, iandike ubaoni, ipandishe ukitoka.

Kwenye meli kubwa zinazokuja Mtwara kubeba korosho na makaa ya mawe, tatizo hilihili linakaa ndani ya ECDIS, mfumo wao wa ramani za elektroniki. Mstari wa kina salama usipowekwa, mfumo hutumia mita 30 wenyewe. Na ukiweka mita ambazo ramani haina mstari wake, unaruka kwenye mstari wa kina zaidi unaofuata. Bandari nzima inageuka rangi ya hatari na alamu zinamiminika. Meli ya kubebea kemikali Ovit ilipanda fungu la Varne katika mlango-bahari wa Dover, Septemba 2013, mstari wa kina salama ukiwa umewekwa vibaya na alamu ya sauti ikiwa haifanyi kazi. Hivyo katika kila zamu: soma mstari wa kina salama, jaribu sauti ya alamu, hakiki tarehe ya sasisho la ramani. Afisa aliyetoka meli nyingine asikabidhiwe kabla ya kuonyeshwa menyu, maana kila mtengenezaji ana yake. IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, ilitoa mwongozo wa kuzifananisha mwaka 2019, lakini mitambo ya zamani bado iko kazini. Kufungua kabati la ECDIS au kubadilisha programu yake ni kazi ya wakala wa mtengenezaji peke yake.

Hatuonekani kwenye AIS, au redio kolu inakoroma

AIS ni kifaa kinachorusha mahali pa chombo ili wengine wakione. Kagua kama hali ya kimya imewashwa. Hapo mnaona wengine, wao hawawaoni. Kisha kagua namba ya MMSI, yaani namba ya utambulisho wa chombo kwenye redio. Kifaa kisicho na namba hiyo hakirushi chochote. Za Tanzania huanza na 674 au 677 na hutolewa kwa utaratibu wa leseni. Usibuni wala kukopa ya chombo kingine. Vifaa vingi vya daraja B (AIS za vyombo vidogo) hukubali kuandikwa namba mara moja tu. Ukikosea, ni wakala atakayeifuta.

Daraja B hurusha kila sekunde 30 ukiwa mwendoni, kila dakika 3 ukiwa umesimama. Usitarajie mwenzako akuone ukigeuka papo hapo.

Boti za dagaa zina adui wao: taa za LED. Jaribu hivi. Zima taa zote, weka redio kwenye chaneli isiyo na mtu, zungusha kizuia-kelele hadi mkoromo ukome papo hapo. Washa taa. Mkoromo ukirudi, taa zinaziba redio na AIS yenu. Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kuhusu jambo hili mwaka 2018. Tenganisha nyaya za taa na waya wa antena, badilisha taa zinazokoroma zaidi, na mpaka hapo, zizime mkitaka kusikiliza chaneli 16, ya wito na dharura. Ikikoroma hata taa zikizimwa, shuku kiungo cha antena. Usibonyeze kitufe cha kuongea antena ikiwa imechomolewa. Unaweza kuunguza sehemu ya kurushia.

Skrini ya mguso na simu

Matone ya chumvi hubonyeza skrini yenyewe: menyu zinafunguka, pointi zinafutika. Funga mguso kabla ya kuingia mawimbi, utumie vitufe. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi, futa kwa kitambaa laini. Petroli na thina huondoa utando wa kuzuia mng'ao, na haurudi.

Simu hupata GPS hata pasipo mtandao, ila huchelewa, na ramani isiyopakuliwa kabla haitafunguka nje ya minara. Pakua gatini, zima hali ya kuokoa chaji kwa programu hiyo, ruhusu mahali pasomwe muda wote. Ramani ya barabara haina kina cha maji hata kidogo. Programu za simu zinazoonyesha meli nazo hutegemea vituo vya nchi kavu na intaneti, kwa hiyo meli unayoiona pale inaweza kuwa imeshasogea, na jahazi lisilo na AIS halimo kabisa. Simu ikiachwa juani mbele ya usukani hujizima kwa joto mchana kweupe. Iweke kivulini penye upepo, ndani ya mfuko usiopitisha maji, na iungwe chaji kabla haijashuka nusu.